Uzoefu wangu na seti ya fuwele za chumvi zinazobadilika rangi kwa umeme

Nafundisha fizikia hapa Arua, Uganda. Muda mrefu nimetafuta kifaa cha kumwonyesha mwanafunzi elektroni zikisafiri, aone kwa macho yake badala ya kuniamini tu. Seti hii imeniridhisha. Ina fuwele tatu, yaani kloridi ya sodiamu, kloridi ya potasiamu na bromidi ya potasiamu, pamoja na tanuri dogo lenye dirisha na kishikio chenye sindano upande mmoja na bamba upande wa pili.

Anza na kloridi ya potasiamu. Ikiwa baridi haina rangi, na mshale wa amita (kipima mkondo wa umeme) hautikisiki. Ipashe moto hadi karibu nyuzi 600 (huyeyuka kwenye 770) na mshale utaanza kupanda, kwa sababu ioni, yaani atomi zenye chaji, sasa zinaruka kuingia kwenye nafasi zilizo tupu. Unganisha sindano na hasi, weka volti mia kadhaa, halafu tazama ncha. Zambarau inachomoza pale pale, inatanda polepole kuelekea chanya, na mkondo unazidi kukua. Geuza waya, rangi inarudi ilikotoka. "Mwalimu, inatembea!" kijana mmoja alipaza sauti, na darasa zima likasogea mbele.

Rangi hiyo ni elektroni zilizonaswa mahali ambapo ioni za kloridi zimekosekana. Humeza mwanga wa nanomita 560 hivi, ule wa kijani na manjano, na macho yetu yanapata zambarau. Chumvi ya mezani hutoa manjano, bromidi hutoa buluu: kadiri ioni za fuwele zinavyokaa mbali mbali, ndivyo mwanga unaomezwa unavyosogea upande wa nyekundu. Kwa hiyo msinunue seti yenye fuwele moja, mtakosa somo lenyewe.

Wanafunzi wangu walisisimka zaidi nilipowaambia kwamba wanafizikia Hilsch na Pohl, kule Göttingen, Ujerumani, mwaka 1938 walitumia bromidi hii hii yenye elektrodi (ncha za kupitishia umeme) tatu kuongoza mkondo mkubwa kwa mdogo, miaka 9 kabla ya transista, kile kifaa kidogo cha kuongoza mkondo, ya maabara ya Bell Labs.

Ufungaji ni mbovu. Fuwele zimetiwa kwenye mfuko wa plastiki mtupu, na kwa mvua zetu bromidi ilifika uso umeshaingia ukungu. Niliisugua kwa spiriti ikatakata. Sasa zote zinakaa kwenye kopo lenye silika ya kunyonya unyevu, na zile zilizokwisha kupata rangi nazifunga kwa karatasi nyeusi, maana mwanga mkali huiharibu rangi.

Kibaya zaidi, maelekezo hayasemi neno kuhusu usalama, ilhali vishikio viko wazi na volti zile zinaua. Muuzaji nimemwandikia, hajajibu. Nimeweka kizuizi cha plastiki ngumu mbele ya kishikio, na swichi naigusa mimi peke yangu. Shule inayotegemea jenereta ndogo ipime kwanza wati za tanuri kabla ya kuagiza.