Blogger kwa tovuti ya burudani: bure yake inaishia wapi

Anayetaka kufungua tovuti ya ubuyu, ratiba za matamasha na habari za wasanii akiwa hana mtaji, mara nyingi huelekezwa Blogger, huduma ya bure ya Google ya kuchapisha blogu. Si ushauri mbaya. Huduma ilianzishwa na Pyra Labs mwaka 1999, Google wakainunua 2003, na mpigapicha Issa Michuzi alipoanza kurusha picha zake 2005 alianzia kwenye anwani ya blogspot, ile ya bure inayotolewa na Blogger, kama wenzake. Hadi leo inafaa kwa kazi fulani. Kwa nyingine inatesa, na bahati mbaya hizo nyingine ndizo wengi huanza nazo.

Sifa yake kubwa ni kwamba haielemewi kirahisi na wingi wa wageni. Msanii mkubwa akifunga ndoa ya ghafla Ijumaa usiku, linki moja inabonyezwa na maelfu ndani ya saa moja. Hapo ndipo tovuti ya WordPress (programu nyingine ya kuendeshea tovuti) iliyokaa kwenye hosting ya bei chee, seva moja ikigawanwa na tovuti kibao, hutoa “508 Resource Limit Is Reached”, yaani imezidiwa, na wasomaji wanahamia kwa jirani. Blogger haitikisiki, na bili ya wingi wa wageni haipo. Plugini (programu ndogo za nyongeza) za kusasisha pia hazipo, kwa hiyo ule mlango ambao wadukuzi wa WordPress huupenda umefungwa tangu mwanzo.

Nunua domeni, yaani jina lako mwenyewe la tovuti, siku ya kwanza, iwe .co.tz, .co.ke au .com, usisubiri tovuti “ichanganye”. Kuiunganisha ni kazi ya dakika ishirini. Kwenye paneli ya DNS ya aliyekuuzia domeni, yaani pale inapoelekezwa, weka rekodi mbili za aina ya CNAME: ya kwanza jina lake www, ielekee ghs.google.com, ya pili ni ile ya siri ambayo Blogger yenyewe inakupa ukiandika domeni kwenye mipangilio yake, kuthibitisha kuwa ni yako. Kisha rekodi nne za aina ya A, zinazoelekeza kwenye namba za seva, kwa jina lisilo na www: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Mwisho rudi kwenye mipangilio ya Blogger, washa kuelekeza jina tupu liende kwenye www, halafu washa HTTPS, muunganisho salama. Wanaokwama hapa kwa kawaida wamefanya kosa moja kati ya mawili. Ama wameandika anwani nzima kwenye sehemu ya jina, paneli ikaongeza domeni tena mbele yake ikawa imejirudia mara mbili. Ama wameacha rekodi A ya zamani ya aliyewauzia domeni, na sasa baadhi ya wasomaji wanaona ukurasa wa “domeni imeegeshwa”. HTTPS ikichelewa saa chache usianze kufuta rekodi. Subiri.

Picha ndizo zinazokula bando la msomaji. Picha ya simu ya kawaida ni megabaiti 3 hadi 5, na ukipanga kumi za zulia jekundu zikiwa hivyo, mwenye bando dogo anaondoka kabla ya picha ya tatu. Blogger ina ufundi ambao wengi hawaujui. Ndani ya anwani ya kila picha kuna alama ya ukubwa, mfano s1600. Ibadilishe iwe s640 na picha ileile itakuja ikiwa na upande mrefu wa pikseli 640. Andika s640-rw na inakuja kwa muundo wa WebP, nyepesi zaidi. Hakuna haja ya programu yoyote ya kupunguza.

Sasa muziki, maana hapa ndipo tovuti nyingi za burudani huzikwa. Blogger inapokea picha na video, haipokei mp3. Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa sauti wa 128 kbps ni kama megabaiti 3.8, na kwa 320 kbps ni 9.6, ndogo tu, ila huna pa kuziweka. Wamiliki hukimbilia tovuti za kuhifadhi mafaili bure. Matokeo yake linki zinakufa baada ya muda, na zilizo hai zinampeleka msomaji kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya “Download” ambavyo kimoja tu ndicho cha kweli. Akibonyeza kisicho, simu inaanza kumletea matangazo ya ajabu, na lawama anakutupia wewe.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hakimiliki. Google wakipokea malalamiko, chapisho linarudishwa kuwa rasimu na barua pepe inakujia. Yakijirudia, blogu nzima inaondolewa. “Msanii mwenyewe alinitumia WhatsApp” si kinga, kwa sababu mlalamikaji mara nyingi ni kampuni inayousambaza wimbo, wala si msanii. Kwa Tanzania kuna pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wenye kuisimamia. Njia salama ni kupachika kichezeshi cha YouTube au Audiomack: msanii anahesabiwa wasikilizaji wake, wewe unabaki na msomaji. Pachika kimoja kwa ukurasa. Vikiwa vitatu, kila kimoja kinabeba skripti zake hata kabla ya kubonyezwa, labda uongeze loading="lazy" ndani ya iframe, ule msimbo wa kupachikia.

Fedha za AdSense, mpango wa matangazo wa Google, zipo, ila zina ngazi zake. Ukifikisha dola 10 wanatuma PIN kwa barua ya posta, wiki mbili hadi nne, kwa hiyo S.L.P. iwe ile unayoifungua kweli, si ya ofisi ya mjomba aliyestaafu. Usipothibitisha ndani ya miezi minne matangazo yanazimwa. Malipo hutoka ukifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi. Usisahau kuwasha ads.txt, faili linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo yako, kwenye mipangilio ya Blogger na kubandika mstari wenye namba yako ya mchapishaji, ile inayoanza na pub. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu habari zimenakiliwa neno kwa neno kutoka tovuti nyingine. Na yale magrupu ya “nibonyezee tangazo nikubonyezee” yamefungisha akaunti nyingi.

Templeti za bure, yaani miundo ya mwonekano wa blogu, nazo zichunguzwe. Nyingi zina jina la mtengenezaji chini kabisa, na ukilifuta, skripti iliyofichwa inawahamishia wageni wako wote kwenye tovuti yake.

Kwa aliyeko Tanzania, “bure” ya Google haigusi leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilitaka shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka; kwa wakati ule milioni moja ilizidi dola 400, yaani malipo manne mazima ya AdSense kabla hujanunua hata bando. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, hivyo uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kundi lako na ada ya sasa kabla ya kuchapisha.

Ongeza msimamizi wa pili kwenye blogu, mwenye Gmail yake. Laini ya simu isiyotumika hugawiwa mtu mwingine, na kama ndiyo iliyopokea namba za kuthibitisha, umefungiwa nje ya tovuti yako mwenyewe.

Ukija kuhamia WordPress, anwani za Blogger zina mwaka, mwezi na .html mwishoni, kwa hiyo, ili linki za zamani zisife, panga muundo wa anwani wa huko uwe /%year%/%monthnum%/%postname%.html. Vichwa virefu Blogger huvikata kwenye anwani, hivyo habari zako zinazosomwa zaidi zikague moja moja. Hayo yote yanawezekana kwa mwenye domeni yake. Aliyebaki kwenye blogspot hana rekodi ya DNS ya kugeuza. Linki zake za miaka yote zinabaki kulekule.