Uzoefu wangu na seti ya kutolea vimeng'enya vya bakteria kwa klorofomu

Niliagiza seti hii ya kutolea vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) kwenye seli baada ya kuchoshwa na mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo huipasua seli nzima, huipasha sampuli joto, na huimwaga DNA yote nje hadi kioevu kinavutika kama gundi kwenye ncha ya pipeti.

Ndani mna chupa ya klorofomu, bafa ya Tris yenye pH 8 (kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kubadilika) na karatasi ya maelekezo. Kazi yenyewe ni nyepesi: unakusanya seli za bakteria E. coli, unazitia maikrolita 20 za klorofomu, unatikisa kidogo, unasubiri dakika 15, kisha unaongeza bafa na kuzungusha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili vitu vizito vitengane na vyepesi). Klorofomu, kwa kuwa ni nzito kuliko maji, hutuama chini. Juu yake hukaa tabaka jeupe la mabaki ya seli, na juu kabisa maji maangavu unayoyahitaji.

Nilianza na kimeng'enya fosfatasi ya alkali, ambacho hukaa kati ya tando mbili za bakteria huyu. Nilipoyatia yale maji kemikali ya kuipimia, yaligeuka manjano ndani ya dakika chache, wala hayakunata hata kidogo. Hapo seti ilinikosha.

Kwa kimeng'enya kingine, beta-galaktosidasi, mambo yalikuwa mengine. Nilipoyatia maji ya juu ONPG, kemikali ambayo kimeng'enya hiki huigeuza manjano, yalibaki karibu bila rangi, ilhali lile tabaka la mabaki, nililotaka kulitupa, lilipotiwa ONPG likawa manjano iliyokolea. Klorofomu ilikuwa imeutoboa utando kiasi cha kuruhusu molekuli ndogo kama ONPG kuingia, lakini kimeng'enya hicho, ambacho ni kikubwa na hukaa ndani kabisa ya seli, hakikutoka. Anayetaka kupima tu utendaji wake hapati hasara. Anayetaka kukitenga na kukisafisha amepoteza siku, na karatasi ya maelekezo inasema tu "vimeng'enya vya bakteria", bila kutaja vya sehemu ipi.

Karatasi hiyo hiyo haisemi lolote kuhusu mirija. Mara ya kwanza nilitumia ya polistireni, ikalainika na kuvuja mbele ya macho yangu (bahati nzuri nilikuwa nikifanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke). Ya polipropileni ilistahimili bila shida.

Kwa fosfatasi nimeagiza chupa ya pili. Beta-galaktosidasi nimeirudisha kwenye mashine ya mawimbi, na gundi yake.