Vyuma vya ncha za usukani: miezi minane baadaye, vidole vimerudi

Aliyenipeleka dukani kununua vyuma vizito vya ncha za usukani wa pikipiki ni kidole changu kidogo cha mkono wa kulia. Kila nikimaliza safari na kuvua glovu, nilikuwa nakiona lakini sikihisi. Nakibana, kimya. Nakikung'uta, kimya. Baada ya dakika kumi hivi kinaanza kurudi polepole, na sisimizi wake wote wanatembea humo ndani. Kidole cha pete nacho kikaanza kuiga.

Pikipiki yangu ni ya silinda moja, cc 400, imeshatembea kilomita 31,000 na ushee. Naiendesha kama saa moja na nusu kwa siku, sehemu kubwa barabara kuu, mwendo wa kilomita 95 kwa saa. Hapo mshale wa mizunguko unasimama kwenye 6,000, na hapo ndipo mikono ilipokuwa inateseka. Hesabu yake ni rahisi: mizunguko 6,000 kwa dakika ni mtikisiko mara 100 kwa kila sekunde. Pistoni moja inapanda na kushuka bila mwenzake wa kuisawazisha, na kila inapogeuka inaisukuma fremu, fremu inausukuma usukani, usukani unanisukuma mimi. Ndani ya injini ipo shafti ya kusawazisha, inayozunguka kinyume na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ili kuua sehemu ya mtetemo. Inaua sehemu tu. Iliyobaki ni ya dereva.

Basi nikanunua vyuma vya ncha za usukani. Vile vya kiwandani vilikuwa na gramu 110 kila kimoja (nilivipima kwenye mizani ya jikoni, na naomba jambo hili libaki kati yetu). Hivi vipya ni vya chuma kisichoshika kutu, gramu 290 kila kimoja. Ukivishika mkononi unajua umeshika kitu. Kila kimoja kina bolti ndefu inayopita katikati na raba ndani: ukikaza bolti, raba inabanwa, inavimba na kukamata ukuta wa ndani wa bomba la usukani.

Kabla hujaagiza, pima tundu la usukani wako kwa ndani. Usukani wa kawaida una upana wa milimita 22 kwa nje, lakini wa chuma una ukuta mwembamba na wa alumini una ukuta mnene, kwa hiyo tundu lake ni dogo zaidi. Mimi sikupima. Nilibahatisha, na bahati ilinikubali kwa kuwa wangu ni wa chuma.

Kufunga kulinichukua nusu saa, na dakika ishirini kati ya hizo nilikuwa nahangaika na bolti ya zamani ya upande wa kulia iliyotafunika kichwa. Upande huo huo kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo ililitaja kwa sentensi moja tu wakati lilistahili ukurasa mzima. Bomba la eksileta linazunguka juu ya usukani, na lazima libaki na nafasi ya milimita moja au mbili kabla ya kugusana na chuma cha ncha. Mimi nilikisukuma chuma hadi mwisho na kukaza kwa raha zangu. Nikawasha, nikavuta mafuta kidogo nikaachia, na injini ikabaki inanguruma. Eksileta ilikuwa imebanwa. Hapo pikipiki ilikuwa kwenye stendi yake, imesimama, hakuna gia. Sitaki kufikiria ingekuwaje kwenye kona. Nililegeza, nikaweka washa nyembamba (kile kipete cha bolti), nikajaribu kuvuta na kuachia mara kumi huku nimekata usukani wote kushoto, kisha wote kulia. Fanya hivyo na wewe kabla hujatoka nje ya geti.

Sasa matokeo. Siku ya kwanza barabara kuu nilitaka kucheka. Pale kwenye 6,000 usukani ulikuwa umetulia kiasi kwamba nilidhani nimepanda pikipiki ya mtu mwingine. Kipimo changu cha siku zote ni saiti mira: zamani gari la nyuma nililiona kama doa la rangi linalotetemeka, siku hiyo niliweza kusoma namba zake. Ila nilipokuwa naongeza mwendo, kabla sijafika huko, kulikuwa na mahali kwenye 4,700 hivi ambapo mtetemo ulipanda ghafla, ukanisalimia, ukaondoka. Mahali hapo palikuwa patulivu kabla ya kufunga vyuma.

Nilichelewa kuelewa maana yake. Wengi tunaamini kwamba chuma kizito kinameza mtetemo. Hakimezi. Usukani ni bomba, na bomba ukiligonga lina mlio wake, kama uzi wa gita ulivyo na mlio wake. Injini ikifika kwenye mizunguko inayolingana na mlio huo, usukani unaitikia kwa nguvu. Ukiongeza uzito kwenye ncha, mlio unashuka. Wangu ulikuwa unaitikia karibu na 6,000, na sasa unaitikia karibu na 4,700. Mtetemo umehama, basi. Bahati yangu ni kwamba umehamia mahali ninapopita tu, sikai.

Rafiki yangu ana pikipiki kama hii hii, toleo lile lile. Aliposikia ninavyosifia akanunua vyuma vile vile. Wiki moja baadaye akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa. Yeye anaendesha barabara za ndani, kilomita 70 hadi 75 kwa saa, na mwendo huo kwenye gia ya juu unamweka kwenye 4,600 mchana kutwa. Kwa maneno mengine alikuwa amelipa ili ahamishiwe mtetemo nyumbani kwake. Alivitoa, akarudishia vya kiwandani, akapona. Kwa hiyo ukisoma mtu anakiponda kifaa hiki na mwingine anakisifia, inawezekana wote wanasema kweli. Swali la kuwauliza ni moja: mnakaa kwenye mizunguko mingapi?

Hiyo ni mikono. Miguu ilikuwa na kesi yake, na kesi hiyo nilijitengenezea mwenyewe.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeng'oa vikanyagio vya kiwandani nikafunga vya alumini, vipana, vyenye meno kama msumeno. Vinapendeza. Vimetengenezwa kwa ajili ya matope, ambapo buti lazima ling'ang'anie. Kwenye lami havina kazi nyingine ila kupeleka kila mtikisiko moja kwa moja kwenye nyayo. Baada ya usukani kutulia ndipo nilipogundua jinsi miguu inavyowasha. Nadhani mikono ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba miguu haikusikika.

Nikampelekea fundi, nikiwa tayari nimeshajiamulia kwamba tatizo ni injini. Alinisikiliza, akauliza: "Kaka, ukiwa kwenye mwendo ukavuta klachi, mtetemo unaondoka au unabaki?"

Sikuwa na jibu. Akanituma nikajaribu. Ni kipimo kisicho na gharama: uko kwenye mwendo, barabara nyeupe, unavuta klachi na kuachia mafuta. Injini inashuka hadi mizunguko yake ya chini kabisa lakini magurudumu na cheni vinaendelea kwa kasi ile ile. Mtetemo ukiondoka, mzizi uko kwenye injini. Ukibaki, mtafute mchawi kwenye magurudumu, beringi, tairi au cheni. Wangu ulikuwa na baba wawili. Ule wa usukani uliondoka, lakini kwenye vikanyagio kulibaki mkoromo mzito.

Mkoromo ulikuwa cheni. Kitabu cha pikipiki kinataka ichezee milimita 30 hadi 35 katikati ya upande wa chini. Yangu haikufika hata 10. Nani aliikaza? Mimi, kwa upendo, nikiamini cheni iliyokaza ni cheni yenye afya. Fundi hakusema kitu, alitikisa kichwa tu. Halafu akakuta bolti moja ya kushikilia injini kwa nyuma, chini, imelegea karibu nusu mzunguko. Hakuikaza hiyo peke yake. Alilegeza zote, akaitikisa injini ikae inavyotaka yenyewe, kisha akazikaza moja moja kwa spana ya kupimia nguvu, kwa vipimo vya kitabu. Alinieleza kwamba injini iliyofungwa huku imevutwa upande inaisukuma fremu muda wote. Kwa kazi ile ya saa moja, mtetemo wa miguu ulipungua kuliko nilivyotarajia kutoka kwa kifaa chochote cha dukani.

Vikanyagio vya meno nikavitoa. Vile vya zamani nilikuwa bado ninavyo, lakini raba zake zilikuwa zimekauka, ngumu kama kwato. Raba ya namna hiyo ni sawa na chuma. Nilinunua raba mpya za juu, na kwa chini vikanyagio hivyo vina vipande vidogo vya chuma vinavyoning'inia, ambavyo nilidhani ni mapambo. Kazi yake ni ile ile ya vyuma vya usukani. Niliwahi kufikiria kuvikata ili pikipiki ionekane nyembamba. Mungu hunyima na hutoa kwa sababu.

Kuna vitu viwili zaidi nilivyojaribu. Sponji za kuvalisha juu ya raba za usukani: zinaingia kwa maji ya sabuni, zinapunguza ukali wa mtetemo kwa kweli, lakini zinanenepesha mshiko na mkono wangu ni mdogo. Saa moja nikawa nimechoka kiganja badala ya kufa ganzi. Mvua ikinyesha zinakunywa maji na kuyatunza. Nilizivua baada ya wiki mbili. Kuhusu kujaza usukani mchanga au punje za madini ya risasi, nitasema kwamba mchanga hushika unyevu na unyevu huleta kutu, na kwamba risasi ni sumu. Sikujaribu.

Kitu cha pili ni sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Nilibadilisha ya meno 14 nikaweka ya 15. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 95, mshale sasa unasimama 5,600. Unaweza kuona ni tofauti ndogo, lakini nguvu ya mtetemo inapanda kwa mraba wa mizunguko: ukishusha mizunguko kwa karibu asilimia 7, unapunguza msukumo kwa asilimia 13 hivi. Niliogopa kidogo kwamba nausogelea ule mlio mpya wa 4,700, ila umbali bado unatosha. Gharama yake ni kwamba pikipiki imekuwa nzito kuondoka, na mlimani napunguza gia mapema.

Wazo la kutenganisha injini na mwendeshaji si geni. Norton, watengenezaji pikipiki wa Uingereza, waliitoa Commando mwaka 1967 ikiwa na injini, gia boksi na mkono wa gurudumu la nyuma vyote vimekaa kwenye raba, mbali na fremu, kwa sababu injini yao ya silinda mbili ilikuwa inatikisika vibaya. Ukinunua pikipiki kwa ajili ya safari ndefu, chungulia kama usukani wake umekaa kwenye bushi za raba. Wangu haujakaa.

Na usichukulie ganzi kama kitu cha kuzoea. Kwa wafanyakazi wanaoshika mashine zinazotetema, Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2002: mtetemo wa mkono ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa wastani wa saa nane, mwajiri lazima achukue hatua, na 5 ndio mwisho. Sababu ni kwamba mishipa ya vidole ikiharibika sana hairudi. Kwangu, sehemu ya ganzi ilitokana na jinsi nilivyoegemea: kidole kidogo na cha pete hulishwa na neva inayopita chini ya kiganja, na mimi nilikuwa nauegemea usukani hapo hapo. Niliuzungusha nyuma kidogo, nikajifunza kushika kwa ulegevu. Hilo lilisaidia bila hata senti.

Simu pia. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zao zikifungwa kwenye usukani. Yangu si ya kwao, lakini kamera yake ilikuwa imeshaanza kuona ukungu nilipoisoma habari hiyo. Sasa inasafiri mfukoni.

Mapungufu ya vyuma vyenyewe ni haya: wiki ya tatu cha kulia kililegea, na sasa nina gundi ya nyuzi za bolti na ninakikagua kila mwezi. Vimeupanua usukani sentimita mbili kila upande, kwa hiyo penye foleni napima mara mbili. Bolti ya ndani imeanza kutu, ingawa nje vinang'aa. Kwa upande mwingine, siku moja pikipiki ililala yenyewe kwenye kokoto na kilichoumia ni chuma cha ncha tu. Wenzo wa klachi haukuguswa.

Navipa nyota nne. Vile vya kiwandani nimevitunza kwenye kopo la spana. Siku nikiuza pikipiki nitavirudishia, na hivi vizito nitaondoka navyo.