Fundi wa lenzi za leza, Kizota: kazi safi, stoo bado

Kama una mashine ya leza ya kukata mabati hapa Dodoma na vioo vya kinga, vile vinavyoilinda lenzi ndani ya kichwa cha mashine, vinakufa kila kukicha, mwite huyu fundi kabla hujaagiza vingine. Karakana yake iko Kizota, lakini anakufuata ulipo. Mimi nakata maua ya mageti na grili kwa leza ya faiba, na vioo vilikuwa vinanimaliza.

Alipofika aliomba grenda zote zizimwe, akasubiri vumbi litulie. Akapangusa kichwa cha mashine kwa nje, akavaa glavu, ndipo akavuta droo ya kioo na papo hapo akaziba tundu kwa seloteipu. Kioo akakilaza mbele ya tochi, akanipa kikuzio. Palikuwa na kidoa cheusi, kidogo kuliko chembe ya chumvi, kimezungukwa na duara la kijivu. Chini ya kidoa kioo chenyewe kilikuwa kimechimbika na kupiga nyufa.

Maelezo yake ndiyo yamenifanya niandike. Kioo safi cha silika hupitisha karibu mwanga wote wa leza ya faiba, ndiyo maana hakipati moto wa kutisha hata ukikata bati nene. Chembe ya chuma ikitua juu yake haipitishi kitu: mwanga mwingine inaurudisha, mwingine inaunyonya, na huo inaounyonya unatosha kuiyeyusha na kuichemsha kwa kufumba na kufumbua. Joto linaunguza koti jembamba lililopakwa juu ya kioo, kisha linakipasua kioo. Ukishafika hapo, hata ukiitoa chembe, kidonda kinabaki kinanyonya mwanga na kinapanuka kila unapokata.

Na si sisi wa mageti tu. Kule California, Marekani, maabara ya Lawrence Livermore ina leza ya miale 192, ile iliyofanikisha jaribio la fusheni, yaani kuunganisha viini vya atomi, Desemba 2022. Leza yao hupiga kwa mapigo mafupi mno, kiasi kwamba chembe ya chuma juu ya kioo inageuka plazima, yaani gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme, na msukumo wake unakichimba kioo. Wanafanya kazi kwenye vyumba vilivyochujwa hewa, bado vidonda vinatokea. Vioo hivyo hutolewa, vidonda vikalainishwa kwa leza nyingine ya kaboni dayoksaidi, vikarudi kazini. Sisi tuna upepo wa kiangazi wa Dodoma na jirani anayesaga chuma mlangoni, kwa hiyo usafi wa huyu fundi siuoni kama mbwembwe hata kidogo.

Hapulizi kioo kwa hewa ya kompresa, maana ina mafuta, maji na kutu ya tangi. Anatumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba maalumu isiyoacha nyuzi: anapitisha mara moja, upande mmoja, pamba inatupwa. Kurudisha pamba ileile ni kuburuza chuma juu ya koti. Kioo kilichokwisha kuchimbika hakisafishi, anakiweka pembeni na kukwambia ununue kingine. Nimeupenda ukweli huo, kwani kuna mafundi wanaokisugua kwa shati na kukudai hela. Bei yake iko juu kidogo, lakini kioo cha kinga kikipasuka kinachofuata ni lenzi ya kukusanya mwanga, na hiyo bei yake ni habari nyingine kabisa.

Pa kumlaumu ni stoo. Ana vipimo vichache vya vioo. Cha kwangu kiliagizwa Dar, kikaja na basi, na kazi za wateja zikalala. Risiti pia mpaka umkumbushe.

Kabla hujampigia, pima kipenyo na unene wa kioo chako, umwambie na nguvu ya mashine. Kisha agiza viwili, kimoja kikae kwenye pakiti yake bila kufunguliwa.