Nyumba ndogo: ya chini au ya ghorofa moja?

Chukua nyumba ya mita za mraba 80. Ukiitandaza chini, mita 10 kwa 8, paa na msingi kila kimoja kinakula mita 80. Ukiipandisha ghorofa, mita 8 kwa 5, vyote viwili vinashuka hadi 40 na ua unabaki. Wengi huishia hapo kwenye hesabu.

Lakini kuta za nje, kwa kimo cha mita 3 kila sakafu, zinapanda kutoka mita za mraba 108 hadi 156. Ongeza zege la sakafu ya juu, nondo, na ngazi inayomega nafasi chini na juu. Halafu joto hupanda: vyumba vya juu visipopata madirisha yanayotazamana, usiku hulali.

Maji ya mvua ndiyo yanayonivuta zaidi. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 80 ni karibu lita 800. La mita 40, nusu yake. Sola nayo inataka paa pana.

Kiwanja kikiruhusu, mimi najenga ya chini. Magoti nayo huzeeka. Kiwanja kikibana, ghorofa, ila dari iwekewe kizuia joto tangu mwanzo.