Mashine ya presha ya nyumbani: nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya nesi

Nilinunua mashine hii wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 51. Baba yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 51 hiyo hiyo, ameinama anafunga kamba za viatu. Tangu nipite 45 nimekuwa nikihesabu. Mvi hazinisumbui, wala makunyanzi. Lakini shingo ikikaza jioni baada ya kuinamia cherehani kutwa, moyo unaniambia ndiyo hiyo imefika. Kwa hiyo msome mkijua aliyeandika hakuinunua akiwa ametulia.

Ni ile ya kufunga mkono wa juu, juu ya kiwiko, si ile ndogo ya kuvaa kama saa. Ndani ya boksi kuna mashine yenyewe, mkanda wenye mpira wake, betri nne, mfuko ambao zipu yake imeshonwa kombo (mimi ni fundi nguo, siwezi kunyamaza) na kijitabu cha maelekezo chenye maandishi madogo kama sisimizi. Kitu kinachouzwa kwa watu wa rika letu, halafu maelekezo yanataka macho ya mtoto wa darasa la tatu! Skrini ni nzuri lakini, namba kubwa, hata bila miwani nasoma. Kitufe ni kimoja. Ukibonyeza inajaa upepo, inabana, inalegea polepole, inakupa majibu. Pembeni kuna alama ya rangi: kijani, njano, nyekundu.

Siku ya kwanza ilinipa 149 kwa 93. Nyekundu. Nikarudia: 156. Nikarudia tena: 161. Nikasema mashine mbovu hii. Kumbe nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda bila kuegemea, nimekunja nne, nimebanwa na mkojo, na huku namsimulia baba watoto kila namba inayotokea. Kila kimoja kati ya hivyo kinapandisha presha, na hofu nayo inaongeza yake. Yote yameandikwa kwenye kijitabu, ukurasa wa sita, kwa sisimizi wale wale.

Kero yangu kubwa ni mlio wake. Inalia ikianza, inalia ikimaliza, na sijaona mahali pa kuuzima. Mchana haina shida. Usiku wa manane ni kama umewasha king'ora chumbani. Baba watoto alivumilia siku nne. Ya tano akajigeuza akaniuliza, "Mama, sasa unapima presha au unailea?"

Sikumjibu. Nikahamia kupima jikoni.

Nakuja kwenye kitu nilichokidharau dukani: kumbukumbu. Inatunza vipimo 90, kila kimoja na tarehe na saa yake. Niliona ni mapambo tu. Nilipokwenda zahanati, nesi, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akaomba aione mashine. Akawa anabonyeza kurudi nyuma, taratibu, midomo ikisoma bila sauti. 02:14. 02:31. 03:05. Kesho yake 01:50, kisha 02:20. Nikadhani ataniambia kuhusu zile namba za presha. Akaniuliza, "Mama, kwani usiku hulali?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kuhusu baba na kamba za viatu. Nikamwambia yeye, pale kwenye kiti cha plastiki, foleni ikisubiri mlangoni. Hakunipa pole nyingi. Alinipima kwa mashine yake, nimeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya dakika tano. Ikaja 131 kwa 82. Halafu akashika mkanda wangu akaugeuza: "Mama, huu unakutosha kweli?"

Jamani. Mimi. Nimeshona mikono ya magauni ya watu miaka 26, futi iko shingoni mwangu hata nikienda sokoni, na sikuwahi kupima mkono wangu mwenyewe. Mkanda umeandikwa pembeni sentimita 22 hadi 32. Mkono wangu una 35. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unasoma presha juu kuliko ilivyo. Hilo dukani hawakuniambia, na kwenye boksi hawakuweka mkanda wa pili. Mkubwa, wa 32 hadi 42, nilinunua peke yake baadaye. Nyota moja nimeitoa hapo, na ya pili kwa ule mlio.

Nesi alinipangia hivi: siku saba, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, kila mara nikiacha dakika moja katikati, bila kahawa nusu saa kabla. Siku ya kwanza naitupa, zinazobaki napiga wastani. Baada ya hapo nisiiguse mashine hadi tarehe aliyonipa. Kwa vipimo vya nyumbani, 135 kwa 85 kwenda juu ndiyo ya kurudi kumwona. Wastani wangu ulitoka 129 kwa 81. Alinieleza pia kwamba mishipa mikubwa hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, ndiyo maana namba ya juu hupenda kupanda. Hilo nililielewa haraka kuliko yeye alivyotegemea. Lastiki ya sketi ya miaka kumi naijua.

Je, hofu imeisha? Hapana. Siku niliyotimiza 51 nilivaa ndala kutwa nzima, nisiiname. Ila ile ya kuamka usiku imepungua, maana mashine sasa inakaa kwenye droo ya mikasi kazini, na kutoka kitandani hadi kazini kuna kufuli mbili.

Ukitaka kuinunua, pima kwanza mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, ndipo uchague mkanda. Huna futi, tumia uzi kisha uuweke kwenye rula. Betri zilizokuja nayo bado zinafanya kazi. Kifuniko chake kimeshalegea. Nimekifunga kwa lastiki.