Fungate melini: tathmini yetu ya usiku saba, Dubai hadi Muscat, Doha na Abu Dhabi

Asalaam alaikum, habari zenu wapendwa. Wengi mmenisubiri niizungumzie safari ya fungate yetu, ile ya meli, na maswali ni mengi: bei, visa, chakula, kama meli inayumba, kama inawafaa maharusi. Nianze na hilo la mwisho. Inafaa, tena sana, ila kwa sababu ambayo hamtaiona kwenye matangazo. Matangazo yanauza bandari: leo Muscat, kesho kutwa Doha, halafu Abu Dhabi. Mimi nawaambia, kwa watu waliotoka kwenye harusi, kitu cha thamani pale ni ile siku ambayo meli haifiki popote. Nitaeleza.

Kwanza mjue ninachochambua. Sichambui kampuni. Zinazofanya njia hii ya Ghuba ni zaidi ya moja, meli hubadilishwa msimu hadi msimu, na mtakayopanda nyinyi huenda isiwe tuliyopanda sisi. Nachambua safari yenyewe: mnapandia Dubai, mnakwenda Muscat, mnaingia tena Ghuba hadi Doha, mnapita Abu Dhabi, mnarudi Dubai. Msimu wake ni Novemba hadi Machi hivi, kule kukiwa na ubaridi mzuri. Miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo, kwa hiyo tazameni kalenda kabla ya kuchagua tarehe.

Haya. Harusi zetu mnazijua. Kamati, vikao, michango, kicheni pati, sendofu, sare za kina mama, simu usiku wa manane kuulizwa rangi ya mapambo ya ukumbi. Bibi na bwana harusi wanaingia ndoani wakiwa hoi. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo zamani, ndiyo maana fungate yao ilikuwa siku saba ndani: mnaletewa chakula, hamguswi na kazi, hakuna wa kuwabishia hodi ila somo, yaani kungwi. Meli imetupa kitu kile kile. Hotelini, hata ile nzuri ya ufukweni, kila siku mnaulizana tule wapi, twende wapi, tukodi gari la nani. Melini maswali hayo yamejibiwa siku mliyolipa. Mnalala Oman, mnaamka mmeshaondoka, na begi lenu liko kabatini pale pale.

Ndiyo maana nasisitiza siku ya bahari. Kwenye njia hii inapatikana baada ya Muscat, kwa sababu kutoka pale hadi Doha ni mbali na lazima meli ipite mlango wa bahari wa Hormuz. Siku nzima hamna kushuka. Watu wengine walikuwa wanalalamika kwenye lifti kwamba hakuna cha kufanya. Sisi tulikaa roshanini tangu chai ya asubuhi. Hii hapa video niliyoirekodi: hiyo ni milima ya Musandam, ya Oman, miamba mitupu inayotumbukia baharini bila ufukwe wala mti. Meli za mafuta zinapita moja baada ya nyingine. Tulizungumza siku ile mambo ambayo miezi yote ya uchumba na maandalizi hatukuyafikia: tutaishi karibu na kina nani, mshahara utakaa vipi, wazazi tutawatunzaje. Hakuna simu iliyoita. Kama mna ratiba mbili mkononi, moja ina bandari nyingi na nyingine ina siku moja au mbili za bahari, maharusi chukueni ya pili. Na mkitaka kuiona Musandam mkiwa chumbani, ombeni chumba cha upande wa kushoto wa meli, kwa maana mkitoka Muscat kuingia Ghuba, milima inakuwa kushoto.

Hilo linanileta kwenye chumba, na hapa sitawaficha: ndipo hela iende. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha kabisa, ndicho cha bei ya chini. Ukizima taa ni giza totoro, hujui kumekucha au la. Kwa marafiki wanaokwenda kutembea kinatosha. Cha pili kina dirisha lisilofunguka. Cha tatu kina roshani, na hicho ndicho chumba cha fungate. Viti viwili na kimeza, basi, lakini ni mahali penu peke yenu penye hewa ya bahari, ndani ya meli yenye maelfu ya watu. Mkibanwa na bajeti, acheni kifurushi cha vinywaji, acheni mgahawa wa kulipia, acheni picha za mpigapicha wa melini, mchukue roshani. Ombeni pia chumba cha katikati ya meli na ghorofa za chini, maana huko mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au juu. Na waambieni mapema kwamba nyinyi ni mke na mume mnataka kitanda kimoja. Vitanda vingi vya melini ni viwili vinavyounganishwa, na ukinyamaza unaweza kukuta vimetenganishwa.

Kuyumba? Kidogo. Meli hizi zina mapezi chini ya maji, yanatokeza ubavuni kupunguza mrama. Ndani ya Ghuba, unasahau kama uko majini. Upande wa Oman, usiku wa kwanza, mume wangu alihisi kichwa chepesi, akala tangawizi na tufaha, akalala, asubuhi mzima. Upepo wa shamali ukivuma kwa nguvu bahari huchafuka, na nahodha ana haki ya kuruka bandari. Mjue hilo kabla.

Sasa niseme na wale wanaoogopa, kwa sababu mama yangu alikuwa mmoja wao. Kwetu ukitaja meli mtu anakumbuka MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018. Wapo mnaonitazama mliopoteza ndugu humo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Hofu hiyo naiheshimu, nami niliingia nikiwa nayo. Kilichonituliza ni hesabu. Kila anayepanda au kushuka kadi yake inasomwa mlangoni na picha yake inatokea, kwa hiyo idadi ya waliomo inajulikana muda wote. Halafu kuna zoezi la dharura, la lazima kwa kila abiria. Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na baadhi ya abiria walikuwa wamepanda saa chache tu kabla, hawajafanya zoezi lolote. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Lifanyeni kwa makini. Tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi kituo chenu cha kukusanyikia, mpite ngazi, msipande lifti, mwone njia kwa macho yenu.

Tuje kwenye pesa. Bei mnayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa sharti kwamba chumba kina watu wawili. Juu yake kuna ada ya huduma ya kila siku, ambayo kampuni nyingi hutoza kati ya dola 10 na 20 kwa mtu. Tuseme ni 14: watu wawili, usiku saba, hiyo ni dola 196 ambazo hukuzipanga. Vinywaji navyo. Kwenye meli nyingi za Ulaya maji ya chupa mezani kwenye mgahawa mkubwa ni ya kulipia, wakati kwenye ukumbi wa kujihudumia maji ya mashine ni bure. Sisi tulijaza chupa zetu huko kila siku. Vifurushi vya vinywaji kwa kawaida vina sharti kwamba watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, kwa hiyo msipige hesabu ya mmoja. Kipo na kifurushi cha vinywaji visivyo na kilevi, lakini kwa mtu wa chai na maji hakirudishi hela yake.

Matumizi yote yanaingia kwenye kadi ya melini. Ukiiunganisha na kadi ya kawaida ya benki, wanazuia kiasi fulani kwenye akaunti kama dhamana, na baada ya safari zinaweza kupita siku kadhaa kabla hakijaachiwa. Wekeni amana ya fedha taslimu pale mapokezi, kilichobaki mnarudishiwa. Na simu, tafadhali: iwekeni hali ya ndegeni mara mkiacha bandari. Mtandao wa simu wa melini unapita kwenye setilaiti, na dakika chache tu zinatafuna salio lote. Intaneti ya kulipia ipo. Hatukuinunua. Tuliwaaga wazazi Dubai, tukawaambia tutapiga kila tukifika bandarini, na nawashauri maharusi wote wafanye hivyo hivyo.

Chakula ni kingi mno, kuanzia asubuhi hadi usiku. Kwa Waislamu: msidhani kwamba kwa kuwa meli iko Ghuba basi kila kitu ni halali. Nguruwe ilikuwepo, ina kibao chake, na nyama nyingine lazima uulize. Tulimwona msimamizi wa mgahawa siku ya kwanza, akatuonyesha kila jioni kipi tule, na samaki hawakukosekana. Jambo jingine ambalo nusura litupite ni meza. Usiku mnaweza kupangiwa meza ya watu wanane msiowajua. Ombeni ya watu wawili siku ile ile ya kupanda, kabla hazijaisha. Ule mfuko wa fungate wanaouza, wa maua, keki na picha, mimi sioni thamani yake. Roshani ikishakuwepo hamhitaji.

Bandari nitazipitia upesi, ila Muscat sitaipita hivi hivi. Meli inatia nanga Mutrah, mjini kabisa. Basi la bandari linawafikisha getini, na kutoka hapo sokoni ni kutembea kando ya bahari. Juu ya lango la bahari la Muscat ya zamani kuna ngome za Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno miaka ya 1580, Wareno wale wale walioanza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Ndani ya soko la Mutrah tulikuwa tunanong'ona bei kwa Kiswahili, mzee wa duka la ubani akageuka akasema, "Semeni tu wanangu, nasikia." Amezaliwa Unguja. Tukamwamkia shikamoo, akatuketisha, ikaja kahawa na haluwa. Alitufundisha kuchagua ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman: ule mweupe unaoelekea ukijani, unaopitisha mwanga, ndio hojari wenyewe, ule bora kabisa. Kwa Mswahili, hii ndiyo bandari ya kushuka mapema na kurudi mwisho. Msinunue safari ya kuongozwa na meli hapa, hamna haja nayo.

Doha makumbusho ya sanaa ya Kiislamu, iliyochorwa na msanifu majengo I. M. Pei na kufunguliwa 2008, iko kando ya bandari, na Souq Waqif haiko mbali. Saa ya Qatar ni sawa na ya kwetu, wakati Dubai na Oman wako mbele kwa saa moja, kwa hiyo fuateni saa ya meli, si ya simu, la sivyo mtaachwa. Abu Dhabi nendeni msikiti wa Sheikh Zayed na mkae humo bila haraka. Kuingia ni bure, lakini mnajisajili mtandaoni kabla, na kina dada vaeni nguo pana inayofunika. Zulia la ukumbi mkubwa lina zaidi ya mita za mraba 5,600, limefumwa na wanawake wa Iran. Tuliswali pale, na kwangu hiyo ni kumbukumbu ya ndoa kuliko picha yoyote ya ukumbini.

Alama zangu: nane kwa kumi kwa maharusi. Mbili nimezitoa kwa gharama za pembeni, na kwa kelele za ukumbi wa kujihudumia saa za chakula.

La mwisho, na msikilize vizuri, ni karatasi. Bibi harusi, tiketi iandikwe jina lililo kwenye pasipoti, hata kama umeshaanza kutumia la mume. Visa ya Imarati, yaani nchi yenye Dubai na Abu Dhabi, lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli inatoka nje ya nchi na kurudi. Mwenye visa ya mara moja anaweza kuzuiwa kupanda. Oman na Qatar kila moja ina masharti yake kwa abiria wa meli, kulingana na pasipoti uliyonayo. Njia hii inapita Hormuz, kwa hiyo fuatilieni na hali ya usalama, na mwulize wakala kampuni inarudisha nini safari ikibadilishwa. Mtakeni ajibu yote hayo kwa maandishi, nchi moja moja, ndipo mlipe.